Sahani za Kale na Heshima ya Nyumba



Miaka hii ya karibuni imerejea katika miji yetu ya pwani hamu ya kupamba nyumba kwa vyombo vya kale. Vijana wanaojenga nyumba mpya wataka vidaka ukutani kama vile vya nyumba za mababu. Mabibi wazitoa makabatini sahani za nyanya zao na kuzitundika ukumbini. Na wenye nyumba za kulaza wageni watafuta mabakuli ya Kichina kwa bei ambayo wazee wetu wangestaajabu kuisikia. Hamu hii yenyewe si mbaya. Mwenyezi Mungu hakuwaharamishia waja Wake pambo alilowatolea. Alichokataza ni kupita kiasi. Walakini kila pambo lina njia iliyolifikisha nyumbani, na njia hiyo yaweza kuwa safi, nayo yaweza kuwa chafu. Kwa sababu hii, tulipofunga chuo, nilifanya safari kutoka Mombasa hadi Lamu, nikatazama kwa makini vyombo hivi mahali vilipo, na mahali vilipokuwa lakini leo havipo tena. Niliyoyaona nayaandika hapa kwa faida ya wenye nyumba.

Nilianza Mombasa katika ngome ya Fort Jesus. Ngome hii ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na tangu mwaka 1960 imekuwa nyumba ya makumbusho. Ndani yake mna vyombo vilivyochimbuliwa katika miji ya kale ya pwani, na vingine vilivyotolewa baharini katika merikebu ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná. Merikebu hiyo ilizama karibu na ngome mwaka 1697, wakati watu wa Oman walipokuwa wameizingira, na wapiga mbizi wakaanza kuichimbua mwaka 1977. Mtu akisimama mbele ya makabati yale atafahamu upesi ya kwamba maneno haya, chombo cha kale, yakusanya vitu vya namna nyingi, wala si kila cha kale ni cha Kichina kama wengi wetu tudhanivyo.

Vya kwanza ni vile vilivyotoka Ghuba ya Uajemi. Tangu karne ya 9, na hata kabla yake, majahazi ya kaskazi yalileta mitungi mikubwa iliyopakwa rangi ya kijani inayoelekea buluu, na vigae vyake vimepatikana katika miji kama Manda na Shanga, karibu na Lamu. Vya pili ni vyombo vya China, ambavyo tukiviita vya kauri hatukosei: vyeupe ndani ya udongo wake, vigumu, navyo vyalia kama kengele ukivigonga kwa ukucha. Na vya tatu ni vile vya Ulaya vya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kutoka Uingereza na Uholanzi, vyenye maua ya rangi kali yaliyopigwa kwa brashi au kwa muhuri wa sifongo. Mabakuli ya mji wa Maastricht, Uholanzi, yaliingia katika nyumba nyingi za Unguja na Lamu, na pengine lile bakuli la maua ambalo nyanya yako alilifunika kwa kawa lilikuwa mojawapo.

Twafaa kukumbuka pia kwamba vyombo vingi vya China havikuletwa hapa na Wachina wenyewe. Vilipita mkono kwa mkono, kutoka bandari hadi bandari, kwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, Waislamu wengi miongoni mwao. Ni kweli kuwa twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa Mfalme wa China mwaka 1415, na kwamba baada ya hapo majahazi ya amiri Zheng He, ambaye asili yake ni jamaa ya Kiislamu ya jimbo la Yunnan, yalifika pwani yetu. Lakini biashara ya sahani ilikuwako karne nyingi kabla ya Zheng He, na ikaendelea baada yake.

Kutoka Mombasa nilishika njia ya kaskazini mpaka Gedi, kiasi cha kilomita 16 kabla ya kufika Malindi. Huu ni mji uliomezwa na msitu. Ulistawi sana katika karne ya 15, ukahamwa katika karne ya 17, na James Kirkman akaanza kuuchimbua mwaka 1948. Mwaka 2024 Gedi iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kuna kaburi moja pale lenye tarehe ya Hijra 802, yaani 1399 ya Miladi. Nyumba zake hazina majina ya wenyewe, kwa kuwa majina hayo yamepotea. Basi wachimbaji waliziita kwa vitu walivyovikuta ndani. Iko nyumba ya mkasi, iko nyumba ya taa ya chuma, na iko nyumba ya bakuli la kauri. Nilipita katika vyumba vyake nikitafakari. Mwenye nyumba ile alikuwa na mali, na heshima, na watoto labda, na leo jina lake halijulikani. Ajulikana kwa bakuli lake tu.

Vigae vya Gedi vyaonyesha rangi mbili zilizopendwa kuliko nyingine. Ya kwanza ni kijani kama jani la mgomba changa, nayo ni ya vyombo vya Longquan, katika jimbo la Zhejiang. Mfinyanzi hakupaka rangi ya kijani. Alitia madini kidogo ya chuma katika maji ya kung'arisha, kisha akapunguza hewa ndani ya tanuri, na moto uliokosa hewa ukaligeuza lile chuma kuwa kijani. Ya pili ni buluu juu ya nyeupe, ya vyombo vya Jingdezhen katika jimbo la Jiangxi. Buluu hii yatokana na madini ya kobalti, ambayo hustahimili moto mkali wa kiasi cha digrii 1300 bila kuungua. Na hapa pana jambo la kupendeza: katika karne ya 14 kobalti iliyo bora ilipelekwa China kutoka Uajemi. Kwa hivyo ile buluu tunayoiita ya Kichina ilisafiri kwanza kutoka nchi za Kiislamu kwenda China, ndipo ikarudi kwetu ikiwa juu ya sahani. Hata wakati wa mfalme Zhengde, aliyetawala kutoka 1505 hadi 1521, China ilitengeneza vyombo vilivyoandikwa maneno ya Kiarabu na Kiajemi.

Baada ya Gedi nilifika Malindi. Karibu na msikiti wa Ijumaa ulio ufukoni yako makaburi ya nguzo, na mbele zaidi, ng'ambo ya mto Sabaki, iko Mambrui, ambako nguzo ya kaburi lake ilipambwa kwa mabakuli ya zama za Ming, nayo ikaanguka mwaka 1934. Hapa ndipo safari yangu ilipogeuka kutoka furaha kuwa huzuni, kwa sababu nilikumbuka niliyoyaona miaka ya nyuma Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam.

Makaburi ya Kunduchi yana nguzo ndefu za matumbawe na chokaa, na katika nguzo hizo mafundi wa zamani walipachika mabakuli na sahani, nyuso zake zikitazama nje. Kazi hiyo ilifanywa chokaa ingali mbichi, nayo ilipokauka ikalishika tako la chombo kama meno. Basi mtu akitaka kulitoa bakuli lile hawezi kulivuta likatoka. Hana budi kulichokoa kwa patasi. Mara nyingi bakuli hupasuka, na ukuta nao hubomoka. Leo katika nguzo nyingi za Kunduchi huoni bakuli. Waona shimo la duara, na ndani ya shimo alama ya tako la chombo. Mabwana wawili au watatu walipata kipande cha kuuza, na jamaa nzima ya waliozikwa pale ikapata tundu.

Mwaka 1955 mwanachuoni wa mambo ya kale kutoka Uingereza, Mortimer Wheeler, aliitembelea pwani ya Tanganyika, akasema kwa maana ya kwamba tarikhi ya nchi hii iliyozikwa ardhini, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa vigae vya kauri vya China. Kama ni hivyo, basi anayeokota vigae katika magofu ili abandike mezani kwake ang'oa kurasa za kitabu. Kigae kikiwa mahali pake, katika tabaka lake la ardhi, chamwambia mjuzi mji ule ulijengwa lini na ulihamwa lini. Kikiwa juu ya meza ya sebuleni hakisemi kitu.

Najua ya kwamba baadhi ya masheikh wetu hawapendezwi na makaburi kujengewa, na wana hoja zao katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie. Sitaki kuingia katika mjadala huo hapa. Lakini sijapata kusikia sheikh yeyote, wa upande huu au ule, aliyesema kwamba kwa kuwa kaburi limejengwa kinyume cha inavyotakiwa, basi ni halali kuliibia. Na ikiwa chombo kimetolewa katika mihirabu ya msikiti, jambo ni zito zaidi, kwani kilichotiwa msikitini ni wakfu, na wakfu hauuzwi wala haurithiwi. Mtu anayekinunua huku akijua kilikotoka ameshiriki. Asijidanganye kwa kusema kuwa si yeye aliyeshika patasi.

Sheria za nchi nazo zasema. Tanzania inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kenya inayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na kwa sheria hiyo chombo kilichotengenezwa nchini au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa kitu cha kale, wala hakitolewi nje ya nchi ila kwa kibali. Wengi wetu hatujui kuwa hata sahani iliyomo kabatini mwetu yaweza kuingia katika hesabu hiyo.

Kutoka Malindi gari lilipita Garsen na Witu hadi Mokowe, na kutoka Mokowe nikavuka kwa mashua mpaka Lamu. Mji huu uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na nyumba zake kubwa za mawe, nyingi za karne ya 18, ndizo zinazoonyesha jinsi wazee wetu walivyojua kupamba. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Mtu hutoka kiwandani penye mwanga, akapita misana miwili, ndipo akafika chumba kiitwacho ndani. Kadiri anavyoingia, mwanga wapungua na nakshi yazidi. Huko ndani, mahali pa bibi wa nyumba, ndipo ulipo ukuta wa zidaka: safu juu ya safu za vidaka vilivyofinyangwa kwa chokaa, vingine vidogo kiasi cha kutosha kikombe kimoja. Katika vidaka hivyo viliwekwa sahani, mabakuli, vitabu na vitu vya thamani.

Unguja nako mambo yalikuwa hivyohivyo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1886, ameeleza kuta nyeupe za majumba ya Unguja zilizogawanywa kwa mashubaka marefu yenye rafu, na juu ya rafu hizo vyombo vya kauri na vya kioo vilivyopangwa kwa ulinganifu.

Yafaa wenye nyumba wa leo wauzingatie mpango huu. Wazee hawakuvirundika vyombo. Kila chombo kilipewa kidaka chake, na pembeni yake ukuta mweupe ukiachwa mtupu ili jicho lipumzike. Wala hawakuviweka mlangoni ili kila apitaye barabarani avione. Baraza ya nje ilikuwa ya kila mtu, nayo haikuwa na vyombo. Uzuri wa nyumba ulikuwa ndani, kwa watu wa nyumba na wageni wao. Hiyo ni adabu tuliyoipoteza. Leo twaweka cha thamani mbele, na nyuma hamna kitu.

Jambo jingine lililonifurahisha katika nyumba za Lamu ni birika la chooni. Ni hodhi la chokaa la kuhifadhia maji ya kuogea na kutawadhia. Chini kabisa ya birika mafundi walizamisha bakuli au sahani ya kauri, na majini wakatiwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua mpaka birika likakaribia kukauka, samaki hukusanyika katika lile bakuli, wakaishi humo mpaka birika lijazwe tena. Tazama hekima ya watu hawa! Chombo kilichovuka bahari kutoka China hakikuwa cha kutazamwa tu. Kilifanya kazi ya kulinda afya ya watoto, tena mahali ambapo mgeni hangeweza kukiona akakisifu.

Ama kuhusu kinga, sharti niseme wazi. Wako waliokuwa wakiamini kuwa sahani ukutani huvuta jicho la hasidi, na kwamba jicho likitua, sahani hupasuka badala ya mtoto kudhurika. Wako hata leo wanaotundika sahani kwa nia hiyo. Kwamba jicho lipo, hilo limethibiti katika hadithi. Lakini kinga yake ni kumtaja Mwenyezi Mungu na kumwomba Yeye, na udongo uliochomwa hauna uwezo wa kumlinda mtu. Mwenye kutundika sahani na aitundike kwa uzuri wake. Akiitundika kwa kuitegemea, amekwisha kuipa kazi isiyokuwa yake.

Katika mji huo wa Lamu mwanafunzi wangu wa zamani alinikaribisha nyumbani kwao. Mama yake, bibi wa makamo ya kuheshimiwa, alinionyesha ukuta wa zidaka. Vidaka vyote vilikuwa vitupu isipokuwa kimoja, chenye sahani ya buluu iliyopasuka ikaunganishwa kwa vibanio vitatu vya shaba.

Nikamwuliza, "Mama, nyingine zimekwenda wapi?"

Akanijibu, "Zilikuwa saba, mwalimu. Marehemu mume wangu alipofariki aliacha deni. Akaja mtu, akasema hizi ni sahani kuukuu tu, lakini kwa kuwa sisi ni wafiwa atatusaidia, atazichukua. Akachukua sita. Hii aliiacha kwa sababu ina ufa."

"Na deni likalipwa?"

"Sehemu yake kidogo, mwalimu. Lililobaki tulilipa kwa kushona kofia, miaka mitatu."

Baadaye kijana wake alinieleza kuwa sahani mfano wa zile sita aliziona zikiuzwa, na bei ya moja tu ingalilipa deni lote na kubakisha. Wasomaji, mimi simlaumu mama yule kwa kuuza. Deni la maiti ni zito kuliko sahani yoyote, na mali haina matumizi bora kuliko kumwondolea marehemu mzigo wake. Aliyekosa ni yule mnunuzi. Alijua thamani, akaificha. Akamwona mjane yumo katika eda, akamwambia amsaidia. Uislamu haukuharamisha faida, bali umeharamisha udanganyifu, na Mtume amemtoa mwenye kughushi katika safu yetu. Basi wewe unayenunua sahani ya kale ili upambe nyumba yako mpya, uliza aliyekuwa nayo alilipwa nini. Kama huwezi kupata jibu, iache.

Tena kuna jambo ambalo nimelikuta katika jamaa nyingi, nalo ni mirathi. Sahani ya nyanya si ya mjukuu aliyeipenda, wala si ya yule aliyebaki katika nyumba. Ni sehemu ya mali iliyoachwa, na warithi wote wana haki ndani yake, wa mbali na wa karibu, wanaume na wanawake. Kwa kuwa ni sahani tu, watu huona haya kuitaja siku ya kugawa. Kisha miaka ikipita na bei ikajulikana, ndugu hununiana. Dawa yake ni nyepesi: siku ya kuandika mali ya marehemu, vyombo navyo viandikwe na vithaminiwe na mtu ajuaye. Anayeipenda sahani na aihesabu katika fungu lake, au awaombe wenzake wamwachie kwa ridhaa. Hapo ataitundika na moyo umetulia.

Sasa nitataja mambo machache ya kumsaidia mwenye nyumba, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi.

La kwanza ni kukijua chombo. Kigonge taratibu kwa ukucha: kauri nzima hulia kwa sauti ndefu, na iliyo na ufa hutoa sauti butu. Kigeuze utazame tako lake. Sahani nyingi za kale za Kichina zina duara la chini lisilopakwa maji ya kung'arisha, na baadhi zimeshika chembe za mchanga wa tanurini. Usiitegemee alama iliyoandikwa chini peke yake, maana wafinyanzi wa China walikuwa na desturi ya kuandika jina la mfalme wa zamani juu ya kazi mpya kwa kumheshimu, na waghushi wa leo waiga alama hizo kwa tamaa. Ama vyombo vya Ulaya na Japani, tazama jina la nchi. Tangu mwaka 1891 Marekani ilitaka kila chombo kiingiacho kwake kiandikwe nchi kilikotoka, na viwanda vingi vikafanya hivyo kwa mali yao. Chombo chenye neno Nippon kwa kawaida ni cha kati ya 1891 na 1921. Baada ya hapo huandikwa Japan.

La pili ni mahali pa kukiweka. Kiepushe na mlango unaojibamiza, na dirisha lenye upepo, na rafu ambayo mtoto aifikia. Ukitundika sahani, usiibane kwa waya mkali wa chuma unaokwaruza ukingo wake. Uzungushie waya kitambaa au mpira. Ukizipanga moja juu ya nyingine kabatini, weka kitambaa baina yake.

La tatu ni kukiosha. Kioshe kwa mkono, kimoja kimoja, kwa maji ya vuguvugu, ndani ya beseni lililotandikwa taulo. Usikisugue kwa mchanga wala majivu, khasa chenye mapambo ya dhahabu, kwani dhahabu ile ni utando mwembamba juu ya chombo na hufutika.

La nne ni la afya. Maji ya kung'arisha ya vyombo vingi vya udongo vya zamani yalitiwa risasi, na hata rangi zilizochorwa juu ya kauri baadhi yake zina risasi. Kitu kikali kama ndimu, siki, achari au ukwaju huitoa risasi hiyo ikaingia katika chakula. Kwa hivyo chombo cha kale usichokijua kifanye pambo, usikifanye cha kulia, wala usimnyweshee mtoto. Nawausia hayo khasa wale wanaotumia sahani za zamani kwa kombe la zafarani. Sahani nyeupe mpya, safi, isiyo na nyufa, yafaa zaidi.

La mwisho ni kiasi. Asiye na sahani ya Kichina asikope ili aipate. Chungu cha mfinyanzi wa kwetu, gudulia la maji, kawa iliyosukwa vizuri, vyote ni pambo katika kidaka cheupe. Mitungi ya nyumbani ilikuwako Gedi pamoja na bakuli la Longquan, na waliokunywa humo walikuwa watu walewale.

Nawaombeni basi, wasomaji, mfanye jambo moja mwezi huu. Chukueni daftari, mketi na mkubwa wa nyumba angali hai, mwandike khabari ya kila chombo cha kale mlichonacho: kilikuwa cha nani, kilifikaje, kilinunuliwa wapi au kilitolewa mahari kwa nani, na leo ni haki ya nani. Mkikuta ambacho hakina maelezo mema, kwamba kilitoka kaburini au msikitini, msikirudishe gizani kwa kuona haya. Kipelekeni kwa wenye msikiti au nyumba ya makumbusho iliyo karibu. Vilivyobaki vifuteni vumbi, mvirudishe katika vidaka vyake, mkamshukuru Mola aliyewapa.

Wabillahi tawfiq.